Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Kwenda Haja Ndani na Nje ya Nyumba

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wayasome tena darasani.)

Mwalimu, tafadhali angalia kwamba kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, na kila mmoja ana kalamu na karatasi. Leo tutaandika kidogo, nanyi mtaona baadaye kwamba kule kuandika ni sehemu ya kazi yenyewe.

Habari ya leo ni mbwa. Najua baadhi yenu mnacheka. Mnasema, mbwa ana shule gani? Mbwa wa kwetu hulala uani, akitaka haja huenda vichakani, wala hakuna aliyemfundisha. Ni kweli. Lakini mijini wako watu wengi wanaofuga mbwa wa aina ndogo ndani ya nyumba. Yuko Chihuahua, ambaye asili yake ni Mexico, na hata akikomaa uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 3. Yuko Maltese, mwenye manyoya marefu meupe. Yuko na yule mweupe aitwaye Japanese Spitz, mkubwa kidogo kuliko hao. Hawa hawalali uani. Wengine wanakaa ghorofa ya tatu au ya nne, mahali pasipo na ua wala kichaka.

Na nani anayemtunza mbwa huyo mchana kutwa? Mara nyingi si mwenyewe. Mwenyewe amekwenda kazini. Anayebaki naye ni yaya, au mpishi, au mtumishi wa nyumba, na katika madarasa yetu mmo wengi mnaofanya kazi hiyo. Mbwa akikojoa juu ya zulia, lawama humwangukia mtumishi. Mtumishi naye kwa hasira humpiga mbwa. Mbwa huogopa, na kesho hukojoa tena, lakini safari hii nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana. Mambo huendelea hivyo mpaka mbwa atupwe njiani au mtu afukuzwe kazi. Basi tusicheke sana. Hapa kitumbua cha mtu chaweza kuingia mchanga.

Tuanze na mwili wa mbwa. Mwalimu, andika neno hili ubaoni: KIBOFU. Ki-bo-fu. Wote semeni pamoja: kibofu. Kibofu ni mfuko ulio ndani ya mwili unaoweka mkojo. Sisi watu tunacho, na mbwa anacho. Cha mtoto wa mbwa wa aina ndogo ni kidogo sana, nacho hujaa upesi.

Katika wiki 3 za kwanza mtoto wa mbwa hawezi hata kwenda haja kwa nguvu zake mwenyewe. Mama yake humlamba chini ya tumbo, ndipo haja itoke, na mama huisafisha papo hapo kwa ulimi. Kwa hiyo malalo yao huwa makavu. Baadaye, watoto wakianza kutembea, hujikokota mbali kidogo na malalo kabla ya kukojoa. Hakuna mtu aliyewafundisha. Ni asili yao kutopenda kuchafua mahali wanapolala. Basi kazi yetu si kumpa mbwa jambo geni. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba nyumba nzima, sebule na vyumba vyote, ni malalo. Hilo halijui, maana kwake nyumba ya vyumba 3 ni kama nchi nzima.

Wako watoto wa mbwa waliozaliwa na kukuzwa ndani ya vizimba vichafu vya wauzaji, wakilala juu ya mkojo wao wenyewe. Hao wamekwisha poteza asili hiyo, na kuwafundisha huchukua muda mrefu zaidi. Ukipata nafasi ya kwenda kumchagua mbwa, tazama malalo yake kabla ya kutazama manyoya yake.

Mtoto wa mbwa wa wiki 8 mchana hawezi kujizuia zaidi ya saa 2 hivi, na akiwa anacheza hata nusu saa ni ndefu. Ziko nyakati ambazo ni hakika atataka haja: akiamka usingizini, akimaliza kula, na akimaliza kucheza. Chakula kikiingia tumboni, matumbo huamka na kusukuma kile kilichokuwamo. Ndiyo sababu haja kubwa hufuata chakula upesi, pengine baada ya dakika 5, pengine baada ya nusu saa. Mtu akizijua nyakati hizo, amemaliza nusu ya kazi. Asipozijua, atakuwa mtu wa kufuta sakafu.

Tazama na dalili zake. Mbwa aliyekuwa akicheza huacha mchezo ghafula. Hunusa chini, huzunguka mahali pamoja, huenda pembeni. Ukiona hivyo usimwite wala usimkemee. Mbebe, umpeleke mahali pake.

Sasa tunafika penye swali: mahali pake ni wapi, ndani au nje? Watu hubishana sana juu ya jambo hili. Wengine husema mbwa akizoezwa kwenda haja ndani hatajifunza nje kamwe. Si kweli, ila ni kweli kwamba ukimfundisha njia mbili utamfundisha mara mbili. Mimi nasema hivi: nyumba yenye ua wake wenyewe, uliozungushiwa ukuta au wigo, ambamo mbwa wa njiani hawaingii, mtu asijisumbue na magazeti. Amfundishe nje tangu siku ya kwanza.

Lakini anayekaa ghorofani hana budi kuanza ndani, na sababu yake ni ugonjwa. Uko ugonjwa wa mbwa uitwao parvo. Mtoto wa mbwa akiupata hutapika na kuhara damu, na wengi hufa katika siku chache. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mbwa mgonjwa na huweza kukaa ardhini miezi mingi vikiwa hai. Mvua haiviondoi. Chanjo yake huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Kabla chanjo hizo hazijaisha, usimweke chini kando ya barabara, wala sokoni, wala popote mbwa wengine wanapopita. Ukitoka naye, mbebe mikononi. Basi miezi hiyo ya kwanza, mtoto wa mbwa wa ghorofani atakwenda haja wapi kama si ndani?

Chagua mahali pamoja. Bafuni panafaa, roshani inafaa kama vyuma vyake havina nafasi ya mbwa mdogo kupenya. Jikoni hapafai. Tandika magazeti, kunjo nne au tano kwa unene, mapana kama meza ndogo. Kila mara akiamka, akila, akicheza, mpeleke hapo na usimame naye. Ukibadilisha magazeti, acha kipande kidogo chenye harufu chini ya yale mapya. Pua ya mbwa ni kali kupita yetu mara nyingi sana, na harufu hiyo humwambia: ni hapa.

Lakini magazeti yana kasoro moja. Mbwa hukumbuka kwa nyayo. Akizoea kukojoa huku anakanyaga karatasi, basi karatasi yoyote kwake ni choo, hata gazeti la leo ambalo bwana hajalisoma na ameliweka chini karibu na kiti. Hali kadhalika, mbwa aliyezoea vitu laini huona zulia ni pazuri. Kwa hiyo nasifu zaidi njia hii: chukua trei pana ya plastiki isiyo na kina kirefu, utie kipande cha majani kilichochimbwa pamoja na udongo wake, mahali ambapo mbwa hawafiki. Ukauke, ubadilishe. Mtoto wa mbwa atazoea majani chini ya miguu yake, na siku atakaposhuka bustanini atayakuta majani yale yale. Hapo njia mbili zimekuwa moja.

Mwenye kutumia magazeti, naye atahama polepole. Chanjo zikiisha na daktari wa mifugo akitoa ruhusa, sogeza magazeti kuelekea mlangoni, hatua moja au mbili kwa siku. Usiyarushe kwa siku moja kutoka bafuni mpaka mlangoni, mbwa atakwenda bafuni akute sakafu tupu na atakojoa papo hapo. Yakifika mlangoni, chukua kipande chenye harufu, ukiweke nje juu ya majani na kukikandamiza kwa jiwe. Mpeleke hapo asubuhi akiamka tu, kibofu kikiwa kimejaa. Siku za kwanza huenda asifanye kitu. Atanusa kila jani, ataogopa pikipiki, kisha utamrudisha ndani naye atakojoa kwenye kizingiti. Wengi hukata tamaa hapa. Akikataa nje, mrudishe ndani huku umembeba, usimweke chini, na baada ya dakika 10 mtoe tena. Mvua pia ni tatizo. Mbwa mdogo tumbo lake li karibu na majani, akilowa husikia baridi, kwa hiyo hugoma kabisa. Mtafutie mahali chini ya paa, au umruhusu kutumia trei siku ya mvua. Na tazama kabla ya kumweka chini, mahali penye siafu hapafai.

Sasa tutanyamaza kwa dakika 2. Mwalimu, waulize wanafunzi: ni nyakati zipi ambazo mtoto wa mbwa hutaka haja? Yule aliyekaa nyuma kabisa ajibu kwanza.

(Muziki.)

Haya, tuendelee. Mbwa amekwenda haja mahali panapofaa. Ufanye nini? Msifu hapo hapo. Mpe kitu kidogo anachokipenda, kipande cha nyama iliyochemshwa kisichozidi punje ya mahindi, au kichwa cha dagaa. Mpe wakati ule ule anapomaliza. Ukingoja mpaka mrudi jikoni ndipo umpe, yeye atafikiri amepewa kwa kurudi jikoni. Tena, akimaliza nje usimwingize ndani mara moja. Mwache acheze kidogo. La sivyo atajifunza kwamba akikojoa matembezi yamekwisha, na ataanza kujizuia makusudi ili mzunguke.

Chagueni na neno moja la kumwambia kila mara anapoanza, kwa mfano “kojoa.” Watu wote wa nyumba watumie neno hilo hilo. Ziko nyumba ambamo mama husema Kiingereza, watoto husema lao, na yaya husema Kiswahili. Mbwa anaweza kuijua lugha yoyote, lakini neno libaki moja.

Je, akikosea? Hapa nataka msikilize sana. Ukimkuta yumo katikati ya kukojoa, piga kofi moja la mikono kumshtua, umbebe, umpeleke mahali pake amalizie. Ukikuta dimbwi limekwisha kauka, huna la kumfanya. Chukua kitambaa ufute. Desturi ya kumkamata mbwa na kumsugua pua katika mkojo wake haifundishi kitu. Mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na jambo alilolifanya saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kwamba mtu akikaribia, kuna hatari. Ndipo aanze kujificha wakati wa haja, naye ukimtoa nje hakojoi mbele yako.

Mtu atasema: “Lakini huyu anajua kosa lake! Nikiingia tu anainamisha kichwa na kufyata mkia.” Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, alilitazama jambo hili. Wenye mbwa walimkataza mbwa kula kitu, kisha wakatoka chumbani. Wakirudi waliambiwa kama mbwa amekula au hakula, lakini mara nyingine waliambiwa uongo. Ilionekana kwamba mbwa aliinama na kufyata mkia zaidi alipokemewa, hata kama hakukosa kitu. Ile sura ya mwenye hatia ilikuwa jibu la hasira ya mtu, wala haikuwa toba.

Wako na watoto wa mbwa ambao hudondosha mkojo kidogo mtu anapowainamia kuwasalimu. Hilo si ukaidi. Ni heshima na woga kwa lugha ya mbwa, na wengi huacha wakikua. Msalimu ukiwa umechutama, kwa sauti ya chini.

Juu ya kusafisha, kausha mkojo kwanza kwa kitambaa au karatasi, kwa kubonyeza, si kwa kusugua. Kisha osha kwa sabuni na maji. Mwisho pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawasawa, ili harufu ipungue. Usitumie dawa za kusafishia zenye amonia, maana harufu yake hufanana na ya mkojo na mbwa atarudi pale pale. Na sikilizeni neno hili la hatari: siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo zisichanganywe kamwe. Zikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Usimwage klorini hata juu ya mkojo mbichi.

Haja kubwa iokotwe kila siku, nje na ndani. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, na mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi. Yakikaa udongoni wiki chache huwa tayari kuambukiza. Mtoto wa binadamu akicheza hapo na kutia vidole mdomoni huyala, na minyoo midogo huweza kutembea mwilini mwake, hata kufika jichoni. Ukiokota kila siku, mayai hayapati nafasi hiyo. Fukia kwenye shimo mbali na bustani ya mchicha, au tupa chooni, kisha nawa mikono kwa sabuni. Dawa ya minyoo ya mbwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3, mkumbushe mwenye mbwa.

Kuna na majirani. Katika nyumba za ghorofa ngazi ni za watu wote. Waislamu wengi wa pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafii, huhesabu mate na mkojo wa mbwa kuwa najisi, na nguo iliyoguswa haifai kwa sala mpaka itakaswe. Basi mbebe mbwa kwenye ngazi, asinuse mlango wa mtu wala kandambili zake. Ikiwa mtumishi mwenyewe ni Mwislamu, ni haki yake kumwomba mwajiri mipira ya mikono, na vitambaa na ndoo za mbwa peke yake. Mwajiri asilione ombi hilo kuwa ni ubishi.

Usiku, mbwa alale katika kizimba cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyosha, basi. Kikiwa kikubwa mno atalala upande huu na kukojoa upande ule. Chakula cha mwisho apewe saa 3 hivi kabla ya kulala. Lakini hawa mbwa wadogo sana wasishindishwe na njaa ili wasichafue. Mtoto wa Chihuahua akikosa chakula muda mrefu sukari ya damu hushuka, akalegea na kutetemeka, na huweza kufa. Alishwe mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kidogo, na mchana asinyimwe maji. Miezi ya kwanza, mtu aamke mara moja usiku kumtoa. Na mtoto akikojoa matone matone kila mara, au mkojo ukiwa na damu, hiyo si kazi ya mafunzo. Ni kazi ya daktari wa mifugo.

Sasa kalamu. Chukua karatasi, uipige mistari miwili kwenda chini ili upate safu 3. Juu ya safu ya kwanza andika SAA. Juu ya pili andika AMEFANYA NINI. Juu ya tatu andika WAPI. Nitasoma mfano polepole, nanyi andikeni:

Saa 12:00 asubuhi. Ameamka, amekojoa. Bustanini.
Saa 12:30. Amekula. Jikoni.
Saa 12:45. Haja kubwa. Bustanini.
Saa 2:15. Amekojoa. Sebuleni.

Andika kila kitu, hata lile la sebuleni. Baada ya siku 4 au 5 utaona jambo. Labda kila siku saa 2 na robo amekojoa sebuleni. Tazama juu yake: mara ya mwisho alitolewa saa 12:45. Ni saa moja na nusu. Basi kesho mtoe saa 2 kamili, na angalia kama kosa lile litatoweka. Wapo mbwa wa aina ndogo watakaoelewa wakiwa na miezi 6, na wapo wanaokaribia mwaka mzima. Karatasi itakuonyesha kama makosa yanapungua, hata pale macho yako yamechoka na unaona hakuna mabadiliko.

Bandika karatasi hiyo mlangoni mwa jikoni. Jioni mwenye nyumba akiingia na kusema, “Huyu mbwa leo hakutolewa,” mwonyeshe. Saa zimeandikwa, na mwandiko ni wako. Na siku za mapumziko, yeye anapobaki na mbwa, mwombe kwa adabu aendelee kujaza pale ulipoachia, maana mbwa hana Jumapili.

Mwalimu, sasa funga redio. Kila mwanafunzi aandike safu zake 3 kwa siku ya jana ya nyumbani kwake, akitaja saa alizoamka, alizokula na alizolala. Asiye na mbwa aandike habari zake mwenyewe. Kisha wabadilishane karatasi, kila mtu asome ya jirani yake kwa sauti. Kwa herini, mpaka wiki ijayo saa kama hizi.